Usimfuate kwa Jina: Mababu wa Kifaransa wa Upande wa Mke Wangu

Baba mkwe wangu ana majina matatu kwenye cheti chake cha ubatizo, na la kwanza hajawahi kuitwa na mtu. La kwanza ni Joseph. Kaka zake nao ni Joseph, wote. Wazee anaocheza nao karata ni Joseph. Dada zake ni Marie, mmoja baada ya mwingine. Ukikaa naye kwenye foleni ya kituo cha afya na muuguzi mgeni akaita “Joseph!”, wazee watatu hutazamana kwanza ndipo mmoja anyanyuke.

Desturi yenyewe ni hivi. Kwa Wakatoliki wa Quebec, jimbo la Kanada la wasemao Kifaransa, hasa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, mtoto wa kiume aliandikwa Joseph na wa kike akaandikwa Marie, kwa heshima ya Mtakatifu Yosefu na Bikira Maria. Jina la pili mara nyingi lilikuwa la baba wa ubatizo, au la mama wa ubatizo kama mtoto ni wa kike. La mwisho ndilo la nyumbani, la shuleni na la kazini. Kwa hiyo rejista za kule husomwa kutoka nyuma, na anayesoma jina la kwanza tu atarudi na kijiji kizima cha akina Joseph.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu jina la tatu ni la babu, na mwanangu akizaliwa, babu anayetajwa ni mwingine. Baba na mwana hawaishii jina moja na hakuna anayeona ajabu. Ukiniuliza ukoo wangu sikupi jina, nakupa watu: fulani alimwoa binti fulani, wakakaa mahali fulani, wakahamia kwingine. Nilipoanza kuwasaka mababu wa mke wangu, malezi hayo yalinisaidia kuliko kozi ya Kifaransa niliyosoma miezi kadhaa baada ya kuhamia huku Quebec.

Binti yetu alipozaliwa, baba mkwe alinikabidhi boksi la karatasi zilizoachwa na shangazi yake. Mke wangu hakuwa na hamu nalo. Alisema kwao walikuwa wakulima, basi, na anayetaka kujua zaidi akaangalie viazi. Shangazi alikuwa ameorodhesha watu kwa mwandiko mzuri wa kitawa, akipanda kizazi baada ya kizazi upande wa mama yake baba mkwe, mpaka akakwama kwa bwana mmoja aitwaye Lanouette. Juu yake hakuna kitu. Kwa orodha ile, Lanouette hakuwa na baba wala mama, alishuka tu kutoka mbinguni akakuta shamba limelimwa.

Kumbe ukoo wake uko wazi kabisa, ila uko chini ya jina jingine. Katika rejista za Kanada ya Wafaransa, ile waliyoiita Nouvelle-France tangu Mfaransa Champlain alipojenga mji wa Quebec mwaka 1608 hadi Ufaransa ilipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1763, mtu huandikwa hivi: Rivard dit Lanouette. Hiyo dit ni “aitwaye”. Jina la kwanza ni la ukoo wa huko Ufaransa, la pili ni la hapa. Mtu huyo huyo atabatizwa kama Rivard, ataoa kama Rivard dit Lanouette, atauza ng’ombe mbele ya mthibitishaji, yule mwandishi wa mikataba, kama Lanouette dit Rivard, kisha atazikwa Lanouette. Yote ni halali. Karani hakukosea.

Hao Rivard ni mfano mzuri kuliko yote ninaoujua. Ndugu wawili, Nicolas na Robert, walitoka Tourouvre, mji mdogo wa jimbo la Perche uliotoa wahamiaji wengi wa mwanzo. Walikaa Batiscan, kaskazini mwa mto Saint-Laurent, kati ya Trois-Rivières na Quebec, kwenye ardhi iliyokuwa ya Wajesuiti. Nicolas aliitwa Lavigne. Robert aliitwa Loranger. Tazama sasa: baba mmoja, mama mmoja, na tayari kuna majina mawili. Watoto wao walipokua wakagawana mashamba, matawi yakajiongezea mengine: Lanouette, Dufresne, Bellefeuille. Kijiji kikishajaa akina Jean Rivard na Pierre Rivard, anayedai deni anahitaji kujua ni Pierre yupi. Jina la pili likamaliza ubishi. Baada ya vizazi vichache baadhi ya matawi wakaliacha lile Rivard kabisa, wengine wakaliacha lile la pili, kila mmoja kwa wakati wake na bila kuambiana. Leo kuna Loranger na Lanouette wanaofanya kazi ofisi moja, wanaokaa meza moja, na ni ndugu, na hawajui.

Majina mengine yalitaja mtu alikotoka. Jean Bergevin aliitwa Langevin kwa kuwa ni mtu wa Anjou. Pierre Miville aliitwa “Mswisi” kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Kizazi chake kikawa Miville dit Deschênes, na siku hizi akina Deschênes ni wengi mno. Picard, Champagne, Bourguignon, Saint-Onge na Potvin yote yametokana na majimbo ya Ufaransa, yakavishwa watu. Hapa mtu wa pwani yetu anatabasamu tu. Mzee Mngazija wa mtaani kwetu alikuwa na jina lake kamili, lakini ungemtafuta kwalo usingempata.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya askari. Mwaka 1665 mfalme Louis XIV alileta kikosi cha Carignan-Salières, askari wapatao 1,200, kwa ajili ya vita na Iroquois, wenyeji wa Amerika. Vita vilipotulia, mia nne hivi wakabaki, wakapewa ardhi, wakaoa. Kila askari wa kawaida alikuwa na jina la vita alilopewa jeshini, na jina hilo likashuka naye shambani. Kuna bustani nzima ya maua: Lafleur, Larose, Latulippe, Laviolette. Kuna tabia: Jolicoeur ni moyo mchangamfu, Sansouci ni asiye na wasiwasi, Sanschagrin ni asiye na huzuni, Ladouceur ni mpole (na mimi simwamini askari aliyeitwa mpole na wenzake). Kuna Vadeboncoeur, “nenda kwa moyo mkunjufu”, na kuna Tranchemontagne, mkata milima. Haya leo ni majina ya madaktari wa meno na madereva wa basi.

Tatizo ni kwamba kila kampuni ya jeshi iliweza kuwa na Lafleur wake. Lafleur wa kapteni huyu hana undugu na Lafleur wa kapteni yule, na baadaye, katika karne ya 18, vikaja vikosi vingine na maua mengine. Kwa hiyo hali inageuka: Loranger na Lanouette ni ndugu ingawa majina hayafanani, huku Lafleur na Lafleur wakiwa si lolote kwa mmoja na mwenzake. Mtu akikuambia kwa furaha kwamba amempata babu kwa sababu jina ni lile lile, mpe kiti, mpe chai, halafu muulize padri aliandika nini kuhusu wazazi wa bibi harusi.

Na padri aliandika mengi. Ufaransa ilikuwa imeshaagiza rejista za ubatizo kwa amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539. Amri ya Blois ya 1579 ikaongeza ndoa na maziko. Na mwaka 1667 ikaamriwa ziandikwe nakala mbili, moja ya parokia na moja ya serikali. Koloni lilifuata utaratibu huo, na nakala ya pili imeokoa koo nyingi, maana makanisa ya mbao huungua. Mwaka 1640, kabla ya amri ya nakala mbili, kanisa la Quebec liliungua na rejista zake zote. Wakazi walikuwa wachache kiasi kwamba mapadri waliziandika upya kwa kuwauliza watu wakumbuke: nani alizaliwa lini, nani alimwoa nani. Maingizo ya mwanzo kabisa ya mji ule ni kumbukumbu za vichwani.

Hebu nikuoneshe ingizo moja la katikati ya karne ya 18, la aina niliyoyasoma mpaka macho yakauma. Ni mistari minane, wino umegeuka rangi ya chai, na kona ya chini ya ukurasa ina doa la maji. Linaanza na mwaka kwa maneno, kisha siku. Mwezi umefupishwa: 7bre. Hiyo si Julai, ni Septemba, kwa kuwa saba kwa Kifaransa ndiyo sehemu ya kwanza ya jina la mwezi huo. Na 8bre ni Oktoba. Kisha: mimi padri niliyesaini hapa chini nimembatiza fulani, aliyezaliwa jana, wa ndoa halali ya fulani na ya fulani. Jina la baba limeandikwa, na jina la mama, lake mwenyewe la kwao, limeandikwa kwa ukubwa ule ule. Baba wa ubatizo ni mjomba, mama wa ubatizo ni bibi mzaa mama. Mwisho kuna ile sentensi inayorudiwa karibu kila ukurasa: ambao, walipoulizwa, wamesema hawajui kusaini. Chini kabisa kuna saini moja tu, ya padri, yenye mikia mirefu kama mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

“Aliyezaliwa jana” si pambo. Mtoto alipelekwa kubatizwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, hata kama ni Januari na mto umeganda. Akionekana hatafika, mkunga au jirani alimmwagia maji na kusema maneno yanayotakiwa, ubatizo wa dharura, na padri akaukamilisha baadaye kama mtoto bado yupo. Asipokuwepo, ingizo la maziko mara nyingi halina jina lolote. Limeandikwa “asiye na jina”, na majina ya wazazi yanafuata.

Waliochagua jina ni wazazi wa ubatizo, na mara nyingi walitoa la kwao wenyewe. Askofu Saint-Vallier, katika kitabu cha ibada alichokitoa mwaka 1703, aliwataka waumini wachague majina ya watakatifu tu. Kwa utaratibu wa namna hiyo hakuna fomula ya kwamba mtoto wa kwanza hurithi jina la babu. Ukiona jina jipya limeingia kwenye familia, mtafute baba wa ubatizo, utamkuta nalo. Na kwa sababu majina ni machache, yanarudiwa ndani ya nyumba moja. Jean-Baptiste anakufa na miezi sita, anayemfuata anaitwa Jean-Baptiste, na akifa huyo anakuja wa tatu. Wakati mwingine wawili wako hai pamoja kwa kuwa walisimamiwa na watu wawili wenye jina moja. Kwa hiyo ukipata ubatizo wa babu yako, tafuta kwanza kama mtoto huyo hakuzikwa. Wapo watu wengi wenye miti ya ukoo iliyoning’inizwa ukutani kwenye fremu, na babu mkuu wao alifariki akiwa mchanga.

Sasa niseme lile ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Majina ya wanaume wa Nouvelle-France ni mchanga, hayashikiki. Wanawake wanashikika. Mwanamke aliolewa na jina la kwao, akazaa nalo, akawa mjane nalo, akaolewa tena nalo na akazikwa nalo. Jirani walimwita kwa jina la mume, lakini rejista na mthibitishaji walimwita binti wa baba yake. Kwetu Mwanaisha binti Juma hubaki binti Juma hata akiolewa mara tatu, kwa hiyo niliona kama nimefika nyumbani. Sheria ya Quebec imelirudisha jambo hilo mpaka leo: tangu Aprili 1981 mwanamke akiolewa hubaki na jina lake la kuzaliwa, atake asitake. Mke wangu hakuwahi kuwa Bi. Fulani wangu hata kwa siku moja, na mama yangu kule Tanga aliposikia alisema, kwani angekuwa nani?

Hivyo njia ni ndoa. Ingizo la ndoa linataja wazazi wanne, parokia zao, na kama mmoja ni mjane, marehemu alikuwa nani. Ndoa nyingi zilifungwa parokia ya bibi harusi. Unasimama kwenye ndoa moja, unawashika wazazi wa mwanamke na wa mwanamume, unatafuta ndoa zao, unapanda. Mwanamume akibadilika kutoka Lanouette kuwa Rivard, mke wake habadiliki, na kwa mke unamkamata. Bwana yule wa shangazi aliyeshuka kutoka mbinguni alipatikana hivyo. Mke wake alikuwa na jina lisilo na mzaha ndani yake, na kwenye ubatizo wa watoto wao yupo kila mara, huku mumewe akiwa Lanouette kwa mtoto wa kwanza, Rivard kwa wa tatu, na yote mawili kwa wa mwisho.

Kazi kubwa ilishafanywa na wengine. Padri Cyprien Tanguay alitoa kamusi ya koo ya mijalada saba kati ya 1871 na 1890, yenye makosa yake lakini ya ajabu kwa mtu aliyefanya kwa mkono. Chuo Kikuu cha Montréal kina mradi wa demografia ya kihistoria ulioanza mwaka 1966, uliounganisha ubatizo, ndoa na maziko ya koloni zima kuwa familia. Kampuni ya Drouin ilipiga picha za mikrofilamu za rejista miaka ya 1940. Na mikataba ya wathibitishaji ipo kwenye nyaraka za taifa za Quebec: nani alileta ng’ombe, nani alileta kitanda cha manyoya. Kwenye mikataba hiyo mtu asiyejua kusoma alichora alama yake. Zacharie Cloutier, seremala wa Perche aliyefika mwaka 1634, alichora shoka. Wazao wake waliooa kabla ya mwaka 1800 ni zaidi ya elfu kumi, na wote, kwa maana fulani, wako chini ya shoka lile.

Lakini sikuweza kupita kwenye vitabu vile nikawa naona wakulima wa Perche peke yao. Katikati ya ubatizo wa akina Marie unatokea mmoja ambaye baada ya jina hana ukoo, ana mwenyewe: Marie, panis, mali ya bwana fulani. Panis ni jina walilopewa watumwa wa asili ya Amerika. Mwaka 1709 msimamizi wa koloni, Jacques Raudot, alitoa amri iliyohalalisha umiliki wao na wa Waafrika. Mwanahistoria Marcel Trudel alihesabu watumwa wapatao 4,200 kwenye nyaraka za Quebec, theluthi mbili wenyeji wa Amerika na wengine Weusi. Desturi ile ile ya kumpa mtoto jina la msimamizi wake wa ubatizo ilifanya kazi hapa pia, ila msimamizi mara nyingi alikuwa ni tajiri wake au jamaa wa tajiri.

Wa kwanza kujulikana alikuwa mtoto. Aliletwa na Waingereza wa ndugu Kirke walipoiteka Quebec mwaka 1629, na padri Mjesuiti Paul Le Jeune aliandika kwamba alitoka Madagaska. Aliuzwa, kisha akaachwa kwa familia ya Couillard. Le Jeune alimfundisha kusoma na kuandika. Alipoambiwa kwamba ubatizo utamfanya awe kama wao, mtoto akajibu kwamba yeye ni mweusi na wao ni weupe, kwa hiyo itabidi achunwe ngozi kwanza. Alibatizwa mwaka 1633. Jina la kwanza, Olivier, lilikuwa la karani Olivier Letardif. La ukoo, Le Jeune, lilikuwa la padri. Alizikwa Quebec mwaka 1654 kwa majina ya wanaume wawili ambao hakuwa na damu nao. Jina aliloitwa na mama yake halikuandikwa popote. Madagaska si Tanga, najua, lakini ni Bahari ya Hindi, na mimi nilipomwona kwenye rejista niliacha akina Rivard kwa wiki kadhaa.

Kwenye bahari yetu Wafaransa walifanya hayo kwa wingi zaidi. Mwaka 1776 nahodha Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya Île de France, Morisi ya leo, na Bourbon, ambayo sasa ni Réunion. Huko watu wa pwani nzima, wa Kilwa na wa mbali zaidi, waliandikwa kwa neno moja, “Mozambique”, kana kwamba wote walipanda chombo kimoja. Watumwa wa Réunion walipowekwa huru Desemba 20, 1848, zaidi ya watu 60,000, makarani walikuwa wameshapita na daftari kuwagawia majina ya ukoo. Wahusika walisimama foleni na karani akabuni, siku nzima. Mtu wa Réunion anayesaka mababu anapanda mpaka daftari la 1848 na pale mara nyingi ndoa zinakwisha, kwa kuwa ndoa zenyewe hazikuandikwa. Hiyo mbinu yangu ya kufuata wanawake ni mbinu ya watu ambao padri aliwauliza mama yao ni nani.

Nirudi Batiscan. Mlango wa mwisho ambao majina hupotelea ni mpaka wa kusini. Kati ya 1840 na 1930 watu kama 900,000 waliondoka Quebec kwenda Marekani, wengi kwenye viwanda vya nguo vya New England, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Msimamizi wa kiwanda hakuwa na muda wa Boisvert, jina likatafsiriwa, akawa Greenwood. Leblanc akawa White. Roy akawa King. Courtemanche, ambalo linasikika kama “mkono mfupi wa shati”, likawa Shortsleeves, na wapo watu wanaoitwa hivyo hadi leo. Nao Wamarekani walishalipwa mapema kwa upande wa pili: Matthias Farnsworth, kijana wa Massachusetts aliyetekwa mwaka 1704 na kupelekwa Montréal, alibatizwa Mkatoliki, akabaki, akaoa, na masikio ya Kifaransa yakamgeuza kuwa Phaneuf. Baba mkwe alisoma shule na Phaneuf mmoja aliyechukia Waingereza kwa moyo wake wote. Sijui kama kuna aliyewahi kumwambia.

Upande wa mama wa mama wa baba mkwe, nikiwafuata wanawake tu, nilifika kwa mmoja wa wale waitwao “mabinti wa mfalme”. Ni wanawake wapatao 770 waliosafirishwa kwa gharama ya Louis XIV kati ya 1663 na 1673, kwa kuwa koloni lilikuwa na wanaume wengi mno. Sensa ya 1666 ilihesabu watu 3,215 tu. Wengi wa mabinti hao walikuwa yatima, baadhi walipewa na mfalme mahari ya livre 50, fedha ya Ufaransa ya wakati huo, na wakifika walikuwa na nafasi ya kuchagua. Walitumia nafasi hiyo. Walikwenda kwa mthibitishaji na mwanamume, wakaandikiana mkataba wa ndoa, na baadhi wakarudi baada ya siku chache kuufuta na kuandika mwingine na mwanamume mwingine. Bibi huyu ni mmoja wa hao. Mkataba wa kwanza ulifutwa kwa ridhaa ya wote wawili, bila sababu kutajwa, na kabla ya theluji kuanguka alikuwa ameolewa na mwenye shamba la jirani.

Nilimsomea baba mkwe mikataba yote miwili jikoni kwake, pole pole, kwa lafudhi yangu. Aliniuliza jina la aliyeachwa. Nilipomtajia akaenda kuchukua orodha ya shangazi, akapitisha kidole kwenye upande wa baba yake, akamkuta huko juu, amekaa kwenye tawi jingine kabisa, ana mke na watoto tisa. Bibi alimkataa, na bado wote wawili wamemzaa yeye. Kwenye koloni dogo hivyo haikwepeki. Ndiyo maana vitabu vya parokia vimejaa ruhusa za kuoana ndugu wa daraja la tatu na la nne.

“Basi walikutana,” akasema Joseph, akamwita mke wake aje asikie.